Kurudia kusoma au kujiuliza: kipi kinakaa kichwani?

Kwa wepesi, kurudia daftari kunashinda. Macho yanapita na unaona kila kitu kimeingia. Kujiuliza kunachosha: unafunika ukurasa, unakodolea macho dari, na ile "mitokondria" ya jana haipo (mimi imenitesa tangu kidato cha kwanza).

Kwa kudumu, mambo yanageuka. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walichapisha jaribio walilowapima wanafunzi huko Marekani. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki 1 wakapitwa na waliojikumbusha bila kuangalia. Kule kulihangaikia neno ndiko kunakolikaza kichwani.

Mtihani ni asubuhi hii na hujagusa kitu? Soma tu. Una mwezi mzima? Funika daftari, na baada ya siku kadhaa ufunike tena.