Roger Focus II: kwa mtoto anayesikia sauti lakini maneno yanampotea

Mwalimu anasema "futa mstari", mtoto anachukua rula na kuvuta mwingine. Kipimo cha masikio kimetoka safi, na mtoto si mkaidi wala si mzito wa akili. Sikio linapokea sauti vizuri; ubongo ndio unaopata taabu kuzichambua, hasa penye kelele. Mtoto wa namna hii ni mmoja wa wale waliolengwa na Roger Focus II, kifaa cha kusaidia kusikiliza cha kampuni ya Phonak.

Kipokezi kinakaa nyuma ya sikio, na mrija mwembamba unaingiza sauti bila kuziba tundu, hivyo jirani wa dawati bado anasikika. Mwalimu anavaa maikrofoni shingoni, Roger Touchscreen Mic. Thamani yote iko hapo: sauti inachukuliwa karibu na mdomo na kurushwa bila waya hadi kwenye kipokezi. Pasipo mwangwi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Kutoka mita 1 hadi mita 8 zimeshapotea 18, na kelele za darasa ziko palepale. Mvua ikipiga bati, maiki nayo itaidaka, ila sauti ya mwalimu itamfikia mtoto wa nyuma ikiwa na nguvu zaidi.

Matatizo mengi hutokana na uvaaji. Maiki ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya mdomo. Ikining'inia tumboni faida inapungua, na ushungi au tai ikiisugua, mtoto anasikia mikwaruzo mitupu. Kitufe cha kunyamazisha husahaulika sana: mwalimu anaongea na mzazi mlangoni, na mtoto anasikia kila neno. Majibu ya wanafunzi walio mbali hayapiti kwenye maiki, lazima mwalimu ayarudie. Kwenye kazi za vikundi maiki ilazwe mezani, inajibadili yenyewe ili ipokee sauti za walioizunguka.

Bei ni kubwa, na kifaa hakitibu chanzo. Usinunue kabla mtaalamu wa usikivu hajampima mtoto, kwa kawaida kuanzia miaka 7, tena kwa lugha ya nyumbani kwao. Ukimpima mtoto wa Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza, umepima Kiingereza chake.

Omba kwanza kuazimwa. Washa redio, simama nyuma ya mtoto asione mdomo wako, msomee imla ya sentensi 10 akiwa na kifaa, kisha 10 nyingine bila kifaa. Makosa yakilingana, mrudishie mtaalamu akague mipangilio kabla hujatoa hata shilingi.