Monopoly: pesa za katikati ya ubao ndizo zinazouharibu

Monopoly, mchezo wa ubao wa kununua viwanja na kutoza kodi, inalaumiwa kwamba haiishi, na lawama hiyo inauonea mchezo. Ukifuata karatasi ya maelekezo iliyomo kwenye boksi, ni mchezo mkali wa kununua na kupatana bei. Kinachouvuruga ni kanuni ya nyongeza ambayo watu wameizoea: faini na ushuru hurundikwa katikati ya ubao, kisha anayetua kwenye mraba wa egesho la bure (Free Parking) anazoa zote. Kwa kanuni halisi, ukitua hapo hupati kitu.

Angalia mzunguko wa pesa. Katika toleo la Marekani kila mchezaji anaanza na dola 1,500, na benki inampa 200 kila anapopita mraba wa mwanzo. Ushuru, faini ya 50 ya kutoka jela na kadi zinazokutoza matengenezo ya nyumba husaidia kurudisha pesa benki. Ukizuia zisirudi, noti zinajaa mezani na hakuna anayebanwa. Aliyekuwa anaweka kiwanja chake cha mwisho rehani anaokota mamia ya dola, si kwa akili bali kwa dadu, na mchezo unaanza kukokota upya.

Hasara kubwa zaidi iko kwenye mapatano. Asiyebanwa hana haja ya kubadilishana viwanja. Bila kubadilishana, rangi hazitimii, yaani hakuna anayepata viwanja vyote vya rangi moja, na rangi isipotimia hujengi. Hapo utamu wote umepotea. Kiwanja cha St. James Place kikiwa kitupu kinatoza kodi ya 14, kikiwa na nyumba mbili 200, na ya tatu inaipandisha hadi 550. Bila kuruka huko, mtazunguka ubao tu mkilipana vijisenti.

Mnada nao msiuruke. Mtu akikataa kununua alipotua, benki inanadi papo hapo, na hata yeye aliyekataa anaweza kutaja bei. Hati zote 28 za umiliki zinapata wenyewe mapema.

Nyumba ni 32, msiongeze visoda zikiisha. Zinatosha viwanja 8 vyenye nyumba nne nne, kwa hiyo anayegoma kubadilisha nyumba zake nne ziwe hoteli anawafungia wenzake ujenzi. Ni mbinu halali, na nzuri sana.

Boksi hili nalipendekeza kwa watu 3 hadi 5. Muda ukiwa mfupi, gawaneni hati chache mwanzoni na mruhusu hoteli baada ya nyumba tatu badala ya nne.