Montecristo No. 4: siga ndogo ninayoirudia

Kati ya siga zote za Kuba nilizowahi kuvuta, ninayoirudia ni Montecristo No. 4. Si kubwa: urefu wake ni milimita 129, na unene haufiki wa kidole gumba. Moto ukishakolea, huanza kwa upole, ladha ya kahawa ya maziwa na harufu ya mbao kavu. Katikati kakao inajitokeza, na kuelekea mwisho pilipili inauma ulimi kidogo. Mabadiliko hayo ndiyo ninayoyafuata. Siga isiyobadilika hunichosha mapema, hata ikisifiwa vipi.

Ila utamu wake kwangu hauishii mdomoni. Tangu mwaka 1865 viwanda vya siga vya Havana vimekuwa na msomaji, mtu anayeketi jukwaani na kuwasomea wasokotaji magazeti na riwaya wakiwa kazini. Mwanzoni wafanyakazi wenyewe ndio waliochanga fedha za kumlipa. Watawala wa Kihispania waliingiwa na hofu, wakapiga marufuku mwaka 1866, lakini desturi ikafufuka na ingalipo. Riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu Monte Cristo ilikuwa kipenzi cha wasokotaji, na chapa hii ilipoanzishwa mwaka 1935 ikabeba jina hilo. Watu waliosokota tumbaku mchana kutwa walitaka pia chakula cha akili, wakakilipia kwa jasho lao! Nawaheshimu sana kwa hilo.

Ufundi wao unaonekana ukiikata siga. Ndani kuna majani marefu, si vipande. Yanashikwa na jani la kufungia, kisha yanavikwa jani laini la nje lililokuzwa chini ya kivuli cha vitambaa. Ligero, jani kali la juu ya mche linalopigwa zaidi na jua, huwekwa katikati kabisa kwa sababu huungua polepole. Likikaa pembeni, siga itaungua upande.

Unaponunua, angalia unyevu kabla ya kitu kingine. Sanduku la mwerezi lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70 linafaa. Muuzaji mmoja aliwahi kunipa iliyokauka: jani la nje likapasuka, ikaungua haraka, ukali mtupu. Siku hizi huibonyeza kwanza taratibu, na ikitoa mlio wa jani kavu naiacha. Ukivuta, mara moja kwa dakika inatosha, na moshi usishuke kifuani. Hata hivyo hatari haiondoki, maana saratani ya mdomo na koo huwapata wavutaji wa siga pia. Kwa hiyo navuta kwa nadra, na asiyevuta simshawishi aanze.

Wapo wanaoipendelea No. 2, ile yenye ncha iliyochongoka. Ni siga ya heshima, nzito zaidi, lakini inadai saa nzima na zaidi, tena tumbo liwe limeshiba. No. 4 inanitosha baada ya chakula cha jioni, na ukali wake haulali kinywani hadi asubuhi.