Kununua kamomili: kipi kianze kuingia kikapuni, kipi kibaki dukani

Watu wengi wanaosema chai ya kamomili ni maji ya moto yenye rangi hawajawahi kuinywa ikiwa imetimia. Waliletewa kifuko kimoja chenye gramu moja ya maua yaliyosagika, kikatumbukizwa kwenye kikombe kikubwa cha mililita 300, kikatolewa baada ya dakika mbili. Shirika la Dawa la Ulaya, kwenye maelekezo yake kuhusu mmea huu, linataja gramu 1.5 hadi 4 za maua makavu kwa mililita 150 za maji yanayochemka. Piga hesabu: kikombe kile kina theluthi moja tu ya kiwango cha chini kabisa. Hata chai yetu ya rangi ukiipika kwa majani machache kiasi hicho, wageni hawatamaliza.

Kwa hiyo unapokwenda kununua, geuza boksi usome uzito kabla hujatazama picha ya mbele. Boksi la vifuko 20 kwa kawaida lina gramu 20 hadi 30 tu za maua. Ukitengeneza kikombe cha gramu 2, ambacho mimi nakihesabu kuwa kikombe kinachostahili jina hilo, boksi zima linakupa vikombe 10 hadi 15. Pakiti ya gramu 100 ya maua mazima inatoa 50. Gawa bei kwa gramu, na mara nyingi utakuta boksi lililoonekana la bei nafuu ndilo ghali.

Jambo la pili la kusoma ni jina la mmea. Kamomili inayouzwa kwa wingi ni Matricaria chamomilla, ile wanayoiita ya Kijerumani: ina utamu wa mbali na harufu inayokaribia ya tufaha. Kuna ya Kirumi, Chamaemelum nobile, ambayo ni chungu zaidi. Kwa chai ya nyumbani chukua ya kwanza. Na usishangae ukikuta pakiti yenye jina la Ulaya imeandikwa nyuma kwamba maua yametoka Misri. Mkoa wa Fayoum na jirani yake Beni Suef ndiko kunakolimwa sehemu kubwa ya kamomili inayozunguka duniani, na kampuni za Ulaya hununua huko. Ukilipa bei ya Ulaya, hakikisha unalipia ubora, maana ua lenyewe huenda limepita karibu na kwenu likienda kuvalishwa boksi.

Nafasi ya kwanza: maua mazima, pakiti iliyofungwa

Hii ndiyo ninayomshauri kila mtu anayekunywa zaidi ya mara moja kwa wiki. Faida yake kubwa ni kwamba unaona unachonunua. Ua zuri lina kichwa cha njano kilichoinuka, na petali nyeupe bado zimeshikilia, hata kama nyingine zimedondoka. Rangi ya njano iwe hai. Ikiwa imegeuka kahawia, ua limezeeka au lilikaushwa vibaya. Vijiti na majani yakizidi maua, unalipia shina.

Kisha harufu. Mafuta ya ua hili ndiyo yanayobeba ladha yake, na Famakopia ya Ulaya, kitabu rasmi cha viwango vya ubora wa dawa, inataka kila kilo ya maua makavu iwe na angalau mililita 4 za mafuta hayo. Ajabu yake ni kwamba yakikamuliwa kwa mvuke hutoka ya buluu, ingawa kikombe chako kitakuwa cha njano ya dhahabu. Nyumbani hatuna maabara, lakini pua inatosha. Fungua pakiti, sugua ua moja kati ya vidole, unuse. Likinukia mara moja, tamu na zito, umepata. Ukilazimika kuitafuta harufu, mafuta yameshakwenda, na hakuna upishi utakaoyarudisha.

Tafuta pakiti isiyopitisha mwanga, yenye nchi ya asili, tarehe ya kufungashwa na alama ya ubora ya nchi yako: TBS kwa Tanzania, KEBS kwa Kenya. Maua ya Misri huchumwa miezi ya mwanzo ya mwaka, basi pakiti iliyofungwa katikati ya mwaka ina nafasi nzuri ya kuwa na mavuno mapya. Tarehe ya mwisho iliyo mbali haimaanishi ua ni jipya. Inamaanisha halitakudhuru tu.

Upishi wake hauna ugumu. Kijiko kikubwa kimoja kilichojaa ni kama gramu 2 hadi 3. Weka kwenye birika dogo au kikombe, mimina maji yaliyotoka kuchemka, na ufunike. Hapo kwenye kufunika ndipo wengi wanapopoteza chai yao, kwa sababu ule mvuke unaonukia jikoni ni mafuta yanayoondoka. Sahani juu ya kikombe inatosha, na yale matone yanayojikusanya chini yake yarudishe ndani. Dakika tano zinatoa kikombe laini, dakika kumi kikombe kizito chenye uchungu kidogo mwishoni. Wanaoshauri kusubiri maji yapoe kwanza wanafikiria chai ya kijani. Kamomili haihitaji kusubiri, na kwa walioko Nairobi, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kusubiri ni kuipunguzia nguvu bure. Chuja, onja kabla ya kutia asali. Maziwa usiyaweke.

Nafasi ya pili: vifuko vya kamomili tupu, kila kimoja kwenye bahasha yake

Kwa ofisini, safarini, au mtu anayekunywa mara mojamoja, hivi ndivyo vya kununua. Bahasha ndiyo inayotenganisha vifuko vizuri na vibaya. Kifuko kilicho wazi ndani ya boksi, kwenye unyevunyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hupoteza harufu haraka, tena hunyonya harufu za jirani zake kabatini. Kericho Gold ya Kenya wana kamomili ya vifuko vya bahasha, na Twinings wana ile yao ya kamomili tupu. Zote mbili utazikuta kwenye supamaketi kubwa za miji yetu. Ahmad Tea pia wana yenye kamomili, ila soma vizuri, kwa kuwa imechanganywa na mchaichai. Ni chai nzuri, lakini ukiwa unatafuta kamomili peke yake siyo hiyo.

Tumia vifuko viwili kwa kikombe kikubwa. Najua inauma, lakini kimoja hakitoshi, na ndiyo sababu vifuko viko nafasi ya pili.

Vile vifuko vya pembetatu vyenye maua mazima ndani vinapendeza na ladha yake ni bora kuliko ya vifuko bapa. Bei yake kwa gramu huwa ya juu mno. Mpelekee mtu zawadi, wewe nunua pakiti na chujio.

Nafasi ya tatu, kwa masharti: maua ya kupimiwa

Kwenye maduka ya viungo na ya dawa za Kisuna, kuanzia Kariakoo mpaka Darajani na Mombasa, uliza babunaji, ndilo jina la kamomili huko. Ndugu walioko Muscat na Dubai wanaijua kwa jina hilo hilo, na kule hupatikana kirahisi kwa wauza dawa za mitishamba. Bei ya kupimiwa huwa nzuri, na muuzaji anayeuza haraka anaweza kukupa ua bora kuliko la boksi. Lakini hapa mzigo wote wa uangalizi ni wako.

Hofu yangu ya kwanza ni ua kufanana na maua mengine. Wenzetu wa Mufindi, Molo na Kinangop wanalijua ua la pareto: jeupe pembeni, njano katikati, jamaa wa karibu wa kamomili, na linalimwa kwa ajili ya kuua wadudu. Likikauka na kuchanganyika gunia moja na maua mengine, mtu asiyejua hatalitambua. Kipimo ni rahisi na kila mnunuzi akijue. Chukua kichwa kimoja, kipasue katikati kwa kucha kutoka juu hadi chini. Kamomili ya Kijerumani imeinuka mfano wa pia na ndani ina uwazi. Pareto ni pana zaidi, bapa, na ndani imejaa. Ukikuta vichwa vilivyojaa ndani, rudisha mkono mfukoni. Pasua vitatu au vinne kutoka sehemu tofauti za mzigo, usipasue kile anachokuchagulia muuzaji.

Ya pili haionekani kwa macho. Magugu yanayoota kati ya kamomili, hasa yale ya jamii ya Senecio, yana sumu ya ini iitwayo alkaloidi za pirolizidini, na mvunaji asiye makini huyachuma pamoja. Mwaka 2013 taasisi ya Ujerumani ya kutathmini hatari za chakula, BfR, ilitangaza kuzikuta kwenye chai za mitishamba zilizokuwa madukani, kamomili ikiwemo. Tangu Julai 2022 Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 400 tu kwa kilo moja ya kamomili kavu. Kwa hiyo pakiti iliyofungashwa kwa ajili ya soko la Ulaya imepita chini ya sheria hiyo, na gunia lililo wazi halina anayelijibia. Anayekunywa kila siku, na zaidi sana mama mjamzito, asitegemee gunia.

Zinazofuata

Michanganyiko ya kulalia nimeiweka chini kwa sababu moja: viungo huandikwa kwa kufuata uzito, na mara nyingi kamomili huja ya tatu au ya nne baada ya mnanaa, mchaichai na ladha za kutengenezwa. Kagua pia kama ndani hakuna majani ya chai ya kawaida, maana kafeini usiku itakufanyia kinyume. Mchaichai unauweza mwenyewe kutoka uani, huna haja ya kuununua kwa bei ya kamomili.

Mbegu ni ununuzi mzuri kwa aliye Limuru, Lushoto au Njombe, kwenye ubaridi. Ni ndogo sana na zinataka mwanga ili ziote, kwa hiyo zimwage juu ya udongo bila kuzifukia. Pwani joto litakushinda.

Unga wa kamomili usinunue. Huwezi kupasua, huwezi kuona, na harufu imeshaondoka. Mafuta ya kamomili ya chupani hayaingii kwenye kikombe kabisa. Na pakiti yoyote inayoahidi kuponya kisukari, presha au vidonda vya tumbo, ipite. Ushahidi wa kamomili ni wa kiasi: maelekezo yale ya Ulaya yanaikubali, kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi, kwa gesi na misokoto midogo ya tumbo. Utulivu wa jioni unaupata, lakini usiache dawa ya daktari kwa ajili yake.

Asiyepaswa kununua

Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe. Watafiti wa Argentina walikuta vijimbegu vya Clostridium botulinum, bakteria wa sumu ya botulini, kwenye kamomili, zaidi kwenye ile ya kuuzwa wazi, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aongee na daktari kwanza: mwaka 2006 madaktari wa Kanada walieleza habari za mama wa miaka 70 aliyekuwa kwenye dawa hiyo, akanywa kamomili vikombe kadhaa kwa siku na kujipaka losheni yake, akalazwa akivuja damu ndani ya mwili. Na kama ngozi yako huwasha ukigusa gugu karoti, lile lililosambaa Arusha, jua kwamba kamomili ni ya ukoo huo huo. Anza kwa funda moja, au acha.

Ukishanunua, hamishia maua kwenye kopo la bati au chupa nyeusi yenye mfuniko unaokaza, weka mbali na jiko na mbali na iliki na karafuu. Nunua ya miezi sita, si zaidi, na pwani hata mitatu. Kijiko unachochotea kiwe kikavu.