TAHADHARI Mwanza: "geji 4, kopa tupu" ni alumini, na ethi inafungwa kwa skrubu ya bati

Wadau wa muziki wa gari, kuna mchezo unaendelea hapa mjini na mteja anapigwa mara tatu. Anauziwa seti ya waya za amplifaya iliyoandikwa geji 4 (namba ya geji ikiwa ndogo, waya ni mnene zaidi), kopa, yaani shaba, asilimia 100. Kisha fundi wa dukani hapohapo anamfungia ethi (waya wa hasi wa amplifaya unaofungwa kwenye bodi ya gari) kwa skrubu ya bati kwenye buti. Muungurumo ukianza kwenye spika, anarudishwa dukani kuuziwa "filta" ya kuzuia kelele. Ugonjwa na dawa vinatoka kaunta moja.

Waya wenyewe kwanza. Ndani ya ganda nene la plastiki kuna alumini iliyovishwa kopa nyembamba, na kuna seti ambazo ukizimenya unakuta unene wa nyuzi zake zote hauzidi ule wa geji 8. Mwambie muuzaji akate ncha, chomoa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, ni alumini. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiukatae, hiyo ni kopa iliyopakwa bati na ni nzuri zaidi kwa sehemu zenye unyevu. Uzito nao unasema: geji 4 ya kweli ina milimita za mraba 21, na mita moja ya kopa yake ina gramu kama 190 bila plastiki. Ya alumini yenye unene huohuo inacheza kwenye gramu 70. Akigoma kukata ncha, ondoka.

Hasara yake inahesabika. Amplifaya ya wati 500 za kweli inavuta kama ampea 50. Kwenye mita 5 za kopa ya geji 4 utapoteza takriban volti 0.2. Kwenye alumini yenye unene wa geji 8 unapoteza kama 0.8, na hapo bado upande wa ethi. Besi ikigonga, taa zinafifia na amplifaya inaingia protekti, yaani inajizima kujilinda. Kibaya zaidi, seti hizo huja na fyuzi ya ampea 60 au zaidi, kwa hiyo waya unachemka na kuyeyusha ganda lake huku fyuzi ikiwa nzima. Alumini si dhambi ikiuzwa kama alumini, kwa bei yake, na ukachukua geji iliyo nene zaidi. Wizi uko kwenye lebo.

Sasa ethi, maana hapa ndipo mafundi vishoka wanapoharibu. Bati la sakafu ya buti halifiki hata milimita moja, skrubu inashika kwa jino moja tu, na mtikisiko wa barabara unailegeza. Mwingine anatoboa bila kuchungulia chini, wakati kwenye gari nyingi tanki na mabomba ya mafuta yanapita hapohapo. Wengine wanabana kwenye bolti ya mkanda wa siti. Kataa kabisa: bolti ile huwa na gundi kwenye meno, na ni ya kuokoa maisha, haitakiwi kuwekewa kitu katikati.

Ethi inayokubalika iko hivi. Chomoa hasi ya betri. Tafuta sehemu nene ya bodi, isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye amplifaya. Piga msasa mpaka chuma king'ae, eneo pana kuliko terminali, kwa sababu rangi na lami ya chini ya gari havipitishi umeme. Tumia terminali ya duara iliyobanwa kwa koleo lake (si kwa nyundo!), bolti ya M8 yenye nati na washa ya meno, na waya wa unene uleule wa chanya. Ukishakaza, paka grisi au rangi juu ya kiungo. Kwa gari linalobeba sangara hilo si hiari: maji ya barafu yanatulia sakafuni, na alumini ikigusana na chuma chenye maji inageuka unga mweupe.

Fundi akikuwekea mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani) akasema "ona, sifuri", asikudanganye. Omu 0.01 tu, ambayo mita ya kawaida haiwezi kuionyesha, kwenye ampea 50 inakula nusu volti. Kipimo sahihi: washa injini, weka mita kwenye volti za DC, waya mmoja wa mita (urefushe hata kwa waya mwembamba) kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye terminali ya ethi ya amplifaya, kisha piga besi nzito. Chini ya 0.1 ni safi. Ikifika 0.5, ethi ni mbovu. Hamisha ncha ya mita iliyo upande wa amplifaya hatua kwa hatua: terminali, bolti, halafu bodi tupu pembeni ya bolti. Panaposhuka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na ulipotoka. Ikibaki juu hata kwenye bodi, waya wa kutoka betri kwenda bodi ndio mwembamba, badilisha huo.

Na ile filta? Muungurumo unaopanda na kushuka na mwendo wa injini mara nyingi chanzo ni ethi. Filta inakata sehemu ya besi na kuacha kosa palepale. Ethi ikiachia kabisa muziki ukiwa unapiga, umeme unarudi kupitia ganda la chuma la waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) na kuunguza njia ya ethi ndani ya redio. Hapo muuzaji atakuambia redio imekufa, ununue nyingine.

Malipo ya ufundi yatoke baada ya kuona namba kwenye mita. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa "kopa, geji 4" kwa maneno hayo, na ubaki na kipande cha waya kilichokatwa. Kwa bidhaa yenye lebo ya uongo, hivyo viwili ndivyo vya kupeleka Tume ya Ushindani, FCC.