Taa ya taimingi yenye nobu: nimeifunga kwenye Land Rover 109 iliyogoma kupanda Mlima Nyoka

Wakubwa zangu shikamooni, wadau mambo vipi. Karibuni gereji, leo tuko Uyole hapa Mbeya, baridi ya Juni mnaiona wenyewe, nimevaa makoti mawili. Na mkononi nina hii kitu hapa. Kamera isogee kidogo, dogo. Hapo hapo.

Hii ni taa ya taimingi, inakuonyesha cheche ya plagi inatoka wakati gani. Klipu nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi, na hii klipu nene inabana waya wa plagi ya silinda namba moja, mshale ukielekea kwenye plagi. Hiyo mnaijua, siwapotezei muda. Ninachotaka mkione ni hiki hapa mgongoni: nobu ya kuzungusha na kiskrini chake. Nobu hii imenifanya nirekodi video leo badala ya Jumamosi.

Gari ni Land Rover Series III, 109, injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Mwenyewe ni mzee wangu wa hapa hapa Uyole, anabebea viazi. Amekuja ananiambia, "Fundi, mwanangu, gari linanguruma vizuri likisimama, lakini nikifika Mlima Nyoka na magunia kumi linakufa. Gia ya pili, ya kwanza, halafu linachemsha." Nikamuuliza, asubuhi linawakaje? Akasema stata inakataa, inapiga kama imegonga ukuta halafu inarudi nyuma.

Sikilizeni hapo, wadau, maana hizo dalili mbili zinapingana. Stata ikirudishwa nyuma, cheche inakuja mapema mno. Gari likikosa nguvu na kuchemsha mlimani, mara nyingi cheche inachelewa. Inawezekanaje iwahi na ichelewe kwenye injini moja?

Mzee amepita gereji tatu. Kila fundi alilegeza distribyuta, ile inayogawa cheche kwenye plagi, akaisogeza mbele kidogo, akasikiliza, gari likachangamka, akafunga. Siwalaumu, na mimi nimefundishwa kutega kwa sikio. Lakini sikio linategea gari likiwa sailensa, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, na mlimani haliko sailensa.

Sasa twende. Kwanza pointi, ile swichi ndogo ndani ya distribyuta inayofunguka ili cheche itoke. Kama pengo la pointi liko ovyo, usiguse taimingi, kwa sababu pengo likipanuka cheche inawahi, likibana cheche inachelewa. Hizi za Series tunaweka milimita 0.35 hadi 0.40. Nimeshapima kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia mapengo, ziko sawa. Bomba la vakyumu, linalovuta cheche iwahi, nimelichomoa kwenye distribyuta na kuliziba. Washa, dogo.

Iko mizunguko 800 kwa dakika. Naielekeza taa kwenye puli. Mnaiona ile alama nyeupe niliyopaka chokaa? Imesimama kabisa, kama haizunguki. Na hapa naomba mnisikilize vizuri: feni nayo chini ya mwanga huu unaweza kuiona kama imesimama. Haijasimama! Ukipeleka mkono, unaukosa. Mashada ya nywele, mikono ya makoti, kamba za kofia, vyote mbali.

Naizungusha nobu mpaka alama irudi kwenye sifuri. Skrini inasema digrii 14, yaani cheche inatoka digrii 14 kabla pistoni haijafika juu. Hiyo ni nyingi kwa sailensa, ndiyo maana stata inapigwa teke. Injini hizi zilitoka na mgandamizo wa aina mbili, 7:1 na 8:1, na namba zao hazifanani, kwa hiyo angalia ya kwako kwenye kitabu cha gari. Hapa nalegeza distribyuta, nairudisha kufuata upande inakozungukia rota, kile kipande cha ndani kinachozunguka. Digrii sita. Funga.

Sasa utamu. Dogo, kanyaga mpaka 3,000, shikilia hapo hapo. Kwa taa ya kawaida isiyo na nobu, ungeona alama imehama halafu unabaki kukisia imehama digrii ngapi. Hapa nazungusha nobu... nazungusha... alama imerudi sifuri. Someni wenyewe. Tisa!

Tisa, wadau. Injini nyingi za zamani kwenye mizunguko hiyo zinafika digrii 28, 30, hata zaidi. Hii imetoka sita ikafika tisa ikagoma. Cheche haiwahi kadiri injini inavyokimbia. Moto unachelewa, joto linaishia kwenye ekzosi na kwenye vichwa vya silinda, ndiyo kule kuchemsha kwa mzee.

Zima. Tunafungua. Chini ya bamba la pointi kuna vizito viwili na springi zake mbili. Distribyuta ikizunguka kasi, vizito vinatanuka, vinasukuma kamu mbele. Angalieni hivi vya mzee: vimeshikwa na kutu na grisi iliyokauka. Kimoja hakitikisiki hata kwa bisibisi.

Na hapa niseme ukweli kwa mtu asiye na hela ya taa. Toa kifuniko, shika rota, izungushe kuelekea upande wake wa kuzunguka, achia. Ikirudi yenyewe kwa springi, vizito viko hai. Ikibaki ilipo, umeshajua tatizo. Haigharimu hata senti. Na ile bulbu ya volti 12, mguu mmoja kwenye hasi ya koili, mwingine kwenye bodi, bado naiheshimu: pointi zikifunguka inawaka, unatega injini ikiwa imezimwa. Ila haikuonyeshi hiki nilichowaonyesha kwenye 3,000.

Nimeosha kwa petroli, nimesugua, tone moja moja la oili kwenye egemeo, na matone mawili kwenye kile kitambaa chini ya rota ambacho watu wanakisahau. Washa tena. Sailensa, sita. Kanyaga. Nobu... ishirini na nane! Na inapanda taratibu bila kuruka. Nimefurahi mno.

Sasa kinachoniudhi. Waya. Ni mfupi! Betri ya 109 iko upande, puli iko mbele chini, nimelazimika kuinama juu ya feni, mahali ambapo mtu hatakiwi kuinama. Aliyetengeneza taa hii hajawahi kusimama mbele ya Land Rover. Pia juani mwanga wake hauonekani, ufanye kazi kivulini au jioni. Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 95,000, na mwaka jana niliambiwa 70,000 nikaahirisha. Isiyo na nobu ilikuwa 45,000. Kama una gari moja, chukua bulbu na ule mtihani wa rota. Kama una gereji, chukua yenye nobu, ongezea waya.

Kitu kimoja kwa wanaoshuka Kyela. Hapa mjini tuko karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, injini inavumilia cheche ya mapema. Ukiitega kwa ukali hapa ukashuka mpaka mita 500 kule karibu na ziwa, hewa inakuwa nzito, inaanza kugonga kama kokoto kwenye kopo. Rudisha digrii mbili kabla hujavuka Tukuyu.

Chaneli inahamia Alhamisi jioni, mbonyeze kengele. Wiki ijayo kabureta ya gari hili hili.

Mzee amenipigia sasa hivi. Amepanda Mlima Nyoka na magunia kumi, gia ya tatu, sindano ya joto katikati.