Toyota Altezza ya 1999: oili inamwagwa kila baada ya kilomita ngapi?

Wadau, mambo vipi. Jogoo wa jirani ameamua kushiriki leo, mvumilieni. Niko nyumbani Njiro, Arusha, Altezza ipo juu ya stendi, injini imenguruma dakika kumi ili oili ilainike, na beseni lipo chini. Tunamwaga oili ya zamani, tunaweka mpya. Na kwa kuwa haipiti wiki bila mtu kuniuliza, "Kaka, hizi sport za zamani oili inamwagwa kila baada ya kilomita ngapi?", nitajibu huku mikono inachafuka.

Bidhaa yetu ndiyo hii: sintetiki, 5W-40, kidumu cha lita 4 na kikopo cha lita 1 cha kuongezea. Jina nimelifunika kwa selotepu. Hawajanilipa, sioni kwa nini niwape tangazo la bure, halafu najua nikilitaja tu, maoni yote chini ya video yatakuwa vita vya kampuni. Tusome maandishi ya ubavuni, hayo ndiyo yenye maana. Oili kama hii imekaa kwenye injini yangu miezi 6 kamili. Kilomita, msicheke, ni 2,140.

Fundi wangu pale Unga Limited alipochungulia dashibodi aliniambia, "Dogo, hii gari unaiendesha au unaipiga picha?" Nikamwambia, "Mzee, vyote viwili." Alicheka, lakini akaniachia swali la maana: kama stika ya sevisi inasema 5,000 na wewe umetembea 2,140, unamwaga ya nini?

Subirini, spana ya 14 hii hapa. Nati imelegea. Haya, inatoka. Mnaona? Nyeusi, na weusi usiwatishe. Oili inayobeba masizi lazima iwe nyeusi, ile inayobaki na rangi ya asali miezi 6 ndiyo ningeitilia shaka. Mimi naangalia vitu vingine. Naisugua kati ya vidole, hivi. Haina chenga. Sasa nainusa. Kamera hainusi, bahati mbaya, ila hapa kuna petroli. Kwa mbali, lakini ipo. Na hebu sogea huku juu, nigeuze kofia ya kujazia oili. Hiyo rangi ya chai ya maziwa mnaiona?

Mtu akiiona hiyo mbio mbio anatangaza gasketi ya hedi, ile inayotenganisha maji na oili, imekufa. Tulieni. Ingekuwa gasketi, maji ya rejeta yangekuwa yanapungua, na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, nayo ingetoka na uji huohuo. Dipstiki yangu ilikuwa safi, maji yapo palepale. Huu ni mvuke tu, na umetokana na mimi mwenyewe.

Nawaeleza. Asubuhi ya Julai, baridi ya Arusha mnaijua, nawasha gari naenda soko la Kilombero. Injini ikiwa ya baridi inanyunyiziwa petroli nyingi kuliko kawaida, na nyingine haiungui, inateleza pembeni ya ringi za pistoni inaishia kwenye oili. Unyevu nao unajikusanya humo ndani. Ukisafiri mbali, oili inapata moto vizuri, na hayo maji na petroli vinageuka mvuke na kutoka. Mimi nafika sokoni, nazima. Nanunua nyanya, nawasha, narudi, nazima. Nikiangalia mshale wa joto umefika katikati, najiona nimefanya vizuri, kumbe ule unapima joto la maji, na oili huchelewa sana kupata moto kuliko maji. Kilomita 2,140 za namna hiyo zinaichosha oili kuliko 5,000 za kwenda Moshi na kurudi.

Na hili si la kwangu peke yangu. Toyota kule Japani, kwa gari za petroli zisizo na tabo, yaani turbo inayosukumia injini hewa, wanasema kilomita 15,000 au mwaka 1. Watu wakisikia hiyo 15,000 wanafunga kitabu. Kumbe chini yake kuna mstari wa matumizi magumu: 7,500 au miezi 6. Yenye tabo ni 5,000 au miezi 6, na kwenye matumizi magumu inashuka hadi 2,500 au miezi 3. Matumizi magumu ni yapi? Vumbi, barabara mbovu, kupanda na kushuka milima, safari fupi fupi, kwenda taratibu muda mrefu. Jamani. Hayo si matumizi magumu, hiyo ni ramani ya Arusha. Vumbi lipo Kwa Mrombo, mwendo wa kinyonga upo Friends Corner saa 11 jioni.

Tena hizo ni hesabu za gari iliyo nzima. Yangu ni ya 1999, RS200, gia za mkono 6, injini ya 3S-GE, lita 2, silinda 4, Yamaha nao walitia mkono. Ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210, na ili uzipate zote lazima uipandishe hadi mizunguko 7,600 kwa dakika. Halafu ina VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa vali kufunguka, pande zote mbili, vali za kuingiza na za kutoa, na ule mfumo unasukumwa na presha ya oili. Oili humo haifanyi kazi ya kulainisha tu, ni kama mkono unaogeuza shafti ya vali. Ikijaa uchafu, vijichujio vyake vidogo vinaziba na gari inakuwa nzito, unaanza kubadilisha plagi na koili bila sababu. Ninyi wenye AS200, ile 1G ya silinda 6, yenu ni ya upole zaidi, farasi 160, inasamehe mengi. Taa za nyuma tunafanana, hapo hakuna aliyemzidi mwenzake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: sport ya zamani isiyo na tabo, kwa barabara zetu, kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Wa Subaru zenye tabo, msivuke 3,000, na mkitoka kuikimbiza msizime ghafla, iacheni ingurume kidogo, tabo ipoe. Nimemaliza?

Sijamaliza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa namwaga kila 3,000 bila kukosa, na bado nilikaribia kuiua hii injini.

Ilikuwa Jumapili, tunatoka Himo tunapandisha Marangu. Wanaoijua ile barabara wanajua zile kona na ule mlima. Nilikuwa na shemeji yangu pembeni, nataka aone gari inavyolala kwenye kona, si mnajua tena. Kona moja ya kulia, nyekundu. Taa ya oili, ile yenye umbo la birika. Ikawaka, ikazima. Nikajifanya sijaiona. Kona iliyofuata ikawaka tena, ikakaa. Hapo nikazima injini, nikaiachia gari ijisogeze hadi pembeni.

Nikachomoa dipstiki. Kavu. Nikaifuta, nikaichovya tena, nikapata tone moja kwenye ncha. Shemeji akaniuliza, "Si juzi tu umetoka sevisi?" Kweli, ilikuwa kilomita 2,600 zilizopita. Nilikuwa mtu wa kumwaga kwa wakati, ila sikuwa mtu wa kupima. Na injini ya umri huu inakula oili. Haivuji, chini ya gari pakavu, inaichoma taratibu na moshi huuoni.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Ile taa nyekundu haipimi oili imebaki kiasi gani. Inapima presha. Ikiwaka kwa sababu oili imepungua, maana yake pampu imeshaanza kuvuta hewa, na beringi zako huko chini zinasagana chuma kwa chuma. Oili ikiwa pungufu halafu ukakata kona kali, yote inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, mdomo wa pampu unabaki mtupu. Ndiyo maana kwangu iliwaka kwenye kona na si kwenye barabara iliyonyooka. Ningeendelea dakika mbili tatu zile, leo ningekuwa nawaonyesha injini iliyonoki, imekufa kabisa.

Kijana wa bodaboda ndiye aliyeniokoa. Alishuka hadi Marangu Mtoni akarudi na vikopo viwili vya oili ya pikipiki, 20W-50, ndiyo iliyokuwepo. Ilimeza lita moja na nusu kabla haijagusa alama ya juu. Si oili ya gari hii, lakini oili isiyo yako ni bora mara mia kuliko hewa. Niliteremka polepole kama nimebeba mayai.

Tangu siku ile, kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha, gari ikiwa sehemu tambarare, napima. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwa gari nyingi ni kama lita 1, kwa hiyo ukiwa nusu unajua umekula nusu lita.

Tukirudi kwenye bidhaa. Hii 5W-40 katika zile 2,140 imeliwa robo tatu ya hiki kikopo kidogo. Niliyokuwa natumia mwanzo, 5W-30, ilikuwa inaliwa zaidi. Sisemi kila mtu apandishe unene. Injini yako haili? Baki na 5W-30. Ila 20W-50 ambayo mafundi wengi wanakupa wakisema "Afrika joto", kwa Arusha siikubali. Namba ya kabla ya W ni tabia ya oili kwenye baridi, ya mwisho ni ikiwa imechemka, nyuzi 100. Asubuhi ya Julai hapa, 20W ni uji, inachelewa kufika juu kwenye shafti. Kelele za juu ya injini asubuhi zilikuwa sekunde kadhaa, sasa na hii 5W-40 nikihesabu moja, mbili, kimya. Hapo nawapongeza. Ubavuni pia imeandikwa API SP, ndilo daraja la ubora wa oili. S ni ya petroli, C ni ya dizeli, na SP ilitoka 2020, inafaa na gari za nyuma. Bei itakuuma, siwafichi. Na kidumu chenyewe kimebuniwa na mtu ambaye hajawahi kumimina kitu, angalia hii, nusu kikombe kimemwagikia injini. Kikiisha nakitoboa kwa bisibisi, kisije kikajazwa mchanganyiko akauziwa mwingine.

Filta sasa. Mnaona hii alama ya rangi ya kucha? Ya mke wangu. Kuna gereji moja, siitaji, walinitoza filta mpya, kumbe waliifuta ya zamani kwa petroli ikang'aa. Niligundua kwa sababu kibonyeo nilichokuwa nakijua kilikuwa palepale. Sasa kila filta naiwekea alama. Na mkiambiwa injini ioshwe kwa dizeli kwanza, kataeni, uchafu wa miaka 20 ukibanduka kwa mkupuo unaenda kuziba kichujio cha pampu.

Haya, napaka oili kwenye mpira wa filta, nakaza kwa mkono tu. Nati ya chini nairudisha, na ile ringi yake ya kuzibia ni mpya. Ile chafu jirani ameshaiomba, anapaka nguzo za uzio, mchwa wamemshinda. Namimina lita 4, naishia hapo kwanza. Nawasha. Taa... imezima. Naiacha kidogo, nazima. Filta inakunywa ya kwake, kwa hiyo tunangoja dakika tano, oili ishuke, ndiyo tupime.

Jogoo bado yupo.

Dipstiki. Ipo katikati ya alama mbili. Naongeza kidogo kutoka kwenye kikopo. Kidogo tena. Hapo, chini ya alama ya juu kwa unene wa kucha. Naandika tarehe kwenye selotepu: siku, mwezi, mwaka. Kilomita naziandika pia, kwa herufi ndogo.